Mjomba Bado Hajanawa

Mjomba wangu hali ugali kwa uma. Hilo humwambia kila mgeni kabla hajaulizwa. Miaka yote aliyotuwakilisha kwenye nchi za watu, anasema, alikula kwa visu vya kila namna, vya samaki, vya siagi, vya sijui nini, na alipostaafu ubalozi akarudi Njombe aliapa kwamba chuma hakitaingia tena kinywani mwake isipokuwa kwa daktari wa meno. Basi anakula kwa mkono, tena kwa madaha. Tonge analibonyeza kwa kidole gumba mpaka linapata kishimo cha kubebea mchuzi. Na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu unaanza akishamaliza kula, kwa sababu mjomba hamalizi kula.

Chakula kinakwisha, msinielewe vibaya. Kuku anabaki mifupa, bakuli la mboga linabaki mafuta. Lakini mkono wa mjomba unabaki hewani na ugali wake unaokaukia kwenye vidole, na kwa mkono huohuo anaanza kuendesha dunia. Rais wa huku kakosea, waziri mkuu wa kule alipaswa kunyamaza, mafuta yatapanda bei kwa sababu wakubwa wawili wamenuniana. Kidole hiki ni nchi za Magharibi, hiki ni za Mashariki, na kidole gumba ndiyo sisi tusiofungamana na upande wowote. Ugali unapasukapasuka na kudondoka kwenye kitambaa cha meza. Anayekuja kufua kitambaa hicho ni mimi.

Na mimi nilikuwa na neno la kumwambia. Neno moja tu, jamani, dogo kama punje ya ulezi. Lilinichukua nusu ya kiangazi.

Mama yangu ni dada yake mkubwa. Anaishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, na bondeni chini ya nyumba yake ana vinyungu, yaani yale matuta tunayolima mabondeni wakati wa kiangazi, maji yakipita kwenye mifereji katikati. Juu mlimani kila kitu kimekauka, vumbi tupu, lakini chini kule mama ana mahindi mabichi, ana maharage, ana viazi. Amelima vinyungu hivyo tangu hajaolewa. Magoti yamechoka, macho yamepungua, kanisani siku hizi anasindikizwa, lakini bondeni anashuka peke yake na jembe lake, na ole wake atakayemwambia apumzike. Nilishamwambia aje tukae naye Makambako, nina nyumba, nina televisheni. Akaniuliza Makambako kuna nini cha kuamkia asubuhi. Na kweli, cha kuamkia mimi ni kelele za malori na duka langu la mabati na misumari.

Mjomba aliporudi kutoka huko kwa watu alinunua mteremko wote ulio juu ya bonde lile akapanda parachichi. Nani hapandi parachichi siku hizi? Hata mchungaji kapanda. Miche inataka maji, kwa hiyo akaziba kijito kwa juu, akapata bwawa, akaweka pampu ya kuyapandisha mlimani. Kazi nzuri kwa kuitazama. Bwawa lina mpaka bata. Ila kiangazi kilipoingia, mifereji ya mama ikaanza kupungua, ikawa kamba, ikawa uzi. Mahindi yakajikunja majani saa nne asubuhi. Mama akanipigia simu dukani. Hakulalamika, yeye halalamiki, alisema tu kwamba mwaka huu huenda asinipe mahindi ya kuchoma.

"Mwambie mdogo wako afungulie maji," nikasema.

"Nikamwombe maji mtoto niliyembeba mgongoni?"

"Basi nenda ofisi ya kijiji."

"Nikamshtaki? Damu nzito kuliko maji."

Nikamwambia hiyo damu akamwagilie mahindi tuone kama yataota. Akakata simu. Siku ya pili akapiga mwenyewe na kusema, nenda wewe. Wewe ni mpwa wake, mpwa na mjomba hawaoneani haya. Lakini uende kwa adabu. Usije ukamwambia kabla hajanawa.

Hapo ndipo niliponaswa. Kwetu ombi halipelekwi kwa mtu mwenye chakula mkononi. Umwache ale, anawe palepale mezani, mshukuru Mungu, ndipo useme kilichokuleta. Ukimwahi kabla ya hapo ni sawa na kumkaba tonge likiwa kooni, na hata akikubali, kukubali kwake hakuhesabiki. Mama alitaka kukubali kunakohesabika. Kwa simu pia haikuwezekana, kwani mjomba ana msimamo wake kuhusu simu. Nilijaribu. Aliniambia kwa sauti ya upole, "Mambo ya familia, mama, hayazungumzwi hewani. Njoo Jumapili tule." Mgeni njoo, mwenyeji apone, akaongeza, na kweli alipona, maana mke wake alishatangulia mbele za haki na anayekuja kumtembelea ndiye anayempikia.

Basi Jumapili nikafunga duka mapema, nikapanda kirikuu changu cha kubebea mabati, nikaenda Njombe. Baridi ya kule unaijua ukishuka tu kwenye gari, inakuingia kwenye mikono ya sweta. Mjomba akanipokea kwa koti refu na skafu, akaniuliza habari za Makambako kama mtu anayeulizia nchi jirani yenye matatizo. Nikaingia jikoni. Nikapika kuku, nikasonga ugali, nikapika majani ya maboga kwa karanga. Ilipofika saa moja akawa amekuja mwenzake, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwembamba ambaye kazi yake mezani pale ni kusema "kabisa".

"Tatizo la dunia ya leo," mjomba alianza, "hakuna tena mtu anayesikiliza."

"Kabisa, Mheshimiwa Balozi. Kabisa."

Siku ile tulipewa habari za mto. Kulikuwa na nchi mbili, hakuzitaja, mambo hayo ni nyeti, na mto mmoja. Nchi ya juu ilitaka kuzuia maji, nchi ya chini ikatishia vita. Yeye, mjomba wangu, alikuwa kwenye kamati iliyowakalisha chini. Alizunguka kati ya vyumba viwili vya hoteli mpaka viatu vikachoka. Mwishowe aliwaambia wale wa juu, ndugu zangu, aliye juu ana wajibu kwa aliye chini, Mungu hakukuweka juu ili umkaushe mwenzio. Wakatia saini. Alipofika hapo sauti ilimlegea kidogo, na nadhani hata mwalimu alipangusa jicho.

Mimi nilikuwa nimeshika jagi. Nilishangaa mpaka nikasahau kuliweka chini. Nikajiambia, kumbe kazi imeisha! Mtu mwenye maneno haya nitamwambia kitu gani tena zaidi ya kumwonyesha bonde? Nikamsogezea beseni. Akaliangalia, akaangalia jagi, kisha akaokota kipande cha ugali ukubwa wa ukucha kilichokuwa pembeni mwa sahani.

"Bado, mama. Bado naonja."

Na akahamia kwenye vikwazo vya kiuchumi. Vikwazo vilichukua muda mrefu kuliko kuku. Mwalimu alipoinuka kuaga, mjomba akainuka naye, akamsindikiza getini, akarudi, akanawa bafuni akiwa amenipa mgongo, akatoka na kusema, "Umechoka, mwanangu, na mimi nimechoka. Usiku mwema." Asubuhi nilipoamka alikuwa amekwisha kwenda matembezi yake, na mimi duka lilikuwa linaningoja.

Mama aliuliza, "Vipi?" Nikasema hajanawa. Akasema, "Basi hukukaa sana." Nusura nilie.

Jumapili iliyofuata nikaenda tena. Safari hii nilipika kidogo makusudi. Kuku nusu, ugali wa kiasi, mboga ya kulamba. Nikasema ataonja nini? Loh! Mzee wa watu ana kipaji. Mfupa mmoja wa paja aliuweka pale mbele yake kama nyaraka, kila dakika anaugusa, haumalizi. Tulizungumzia uchaguzi, siyo wa kwetu tu, wa kila mahali. Tulizungumzia fulana na kofia za kampeni na namna watu wanavyouza akili zao kwa kitenge. Akauliza mimi nina maoni gani. Nikasema sina maoni, nina jagi la maji ya uvuguvugu hapa. Mwalimu akacheka akidhani nafanya utani.

Nikashindwa. Mungu anisamehe, nilishindwa. Nikasema, "Mjomba, lile bwawa lako..."

Mkono wenye ugali ukanyanyuka, taratibu, kiganja kikanielekea.

"Mama. Tunakula."

Mbona niliona aibu! Mwalimu alinitazama kama niliyevua kitambaa kichwani katikati ya mahubiri. Nikabaki naokota makombo kwenye kitambaa cha meza. Na mwalimu, ambaye kila kitu kwake ni "kabisa" na hana siri hata moja kifuani, aliipeleka habari mpaka kijijini. Kabla sijamaliza kufungua makufuli ya duka Jumatatu, mama yuko kwenye simu.

"Umeniaibisha. Mtu ana tonge mkononi unamtajia mambo ya bwawa? Nimekulea mimi au umeokotwa stendi ya Makambako?"

"Mama, tonge lenyewe limekauka! Lilikuwa la saa mbili zilizopita!"

"Hajanawa, hajanawa."

Nikakaa kwenye mfuko wa saruji nikaangalia malori yanavyopita kuelekea Songea na Mbeya. Sijui nilimkasirikia nani zaidi. Mjomba anazungusha, mama anashikilia, na mimi katikati napelekwa kama mpira wa danadana. Mteja akaja kuuliza bei ya bawaba nikamjibu vibaya, akaondoka akanunua kwa jirani. Na bondeni kule mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa mbelewele. Mahindi yakikosa maji wakati huo, hata ukija kuyapa mto mzima baadaye, utavuna mabua.

Nikaenda mara ya tatu. Siku hiyo sikupika kwa ujanja, nilipika tu, kwa uchovu. Nikasonga, nikapakua, nikakaa. Mjomba alikuwa na furaha sana. Alikuwa na hadithi mpya, au ya zamani ambayo sisi hatukuwa tumeisikia. Alipokuwa kijana, ofisa mdogo tu wa kubeba mafaili, alikwenda na msafara kwenye mazungumzo, nchi fulani ya baridi. Upande wa pili ulikuwa na swali moja ambalo viongozi wetu hawakuwa na jibu lake, na wenyeji wa kule wana desturi yao, mambo mazito hayawekwi mezani mpaka sahani za matunda zimeondolewa. Basi mkuu wa msafara wetu akafanya nini? Akala zabibu. Moja moja. Anaimenya, anaitoa mbegu, anaiangalia kwenye mwanga. Anasifia shamba ilikotoka. Wenyeji wameshika swali lao, wanangoja sahani, sahani haitoki. Wakangoja mpaka muda wa ndege ukafika, msafara ukaaga, swali likabaki kwao.

"Akaniambia kwenye gari," mjomba alisema akicheka mpaka mabega yanatikisika, "kijana, swali ambalo halijaulizwa halihitaji jibu. Usikubali chakula kiishe."

"Kabisa!" mwalimu akapiga meza. "Kabisa, kabisa!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na sufuria ya ugali mkononi, natazama ule mkono wake hewani, na ugali wake. Halafu nikamtazama yeye usoni. Alikuwa bado anacheka lakini jicho lake lilikuwa kwenye jagi. Si kwangu, si kwa mwalimu. Kwenye jagi. Alikuwa analilinda kama mtu anayelinda mlango.

Wewee! Nilijisikia joto kutoka unyayoni. Jumapili zote zile nilidhani ni mzee anayependa kuongea. Nilikuwa namtetea moyoni, nasema upweke ni kitu kibaya, mwache azungumze. Kumbe mzee wangu yuko kazini! Alijua ninachokuja nacho tangu siku ya kwanza, na alikuwa ananichezea zabibu.

Sikungoja mwalimu aage. Niliiacha sufuria palepale mezani, nikachukua mkoba, nikaenda kulala kijijini kwa mama. Nikamkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia yote, mto na mfupa na zabibu, nikimalizia kwa kusema kwamba kuanzia leo mimi siendi, aende na mkuu wa wilaya.

Mama hakunikemea. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kumbe anajua."

"Anajua!"

"Mimi nilikuwa nasema hajui. Nilikuwa nasema kule juu alipo haoni huku." Akapuliza makapi. "Jumapili ijayo tunakwenda wote."

Jumapili ile nilifika kumchukua asubuhi ili tuende wote ibadani kwanza. Nyumbani hayupo. Nikashuka bondeni. Nilikuwa sijashuka tangu mwaka uliopita na sikuwa nimejiandaa kwa nilichokiona. Matuta ya chini yalikuwa yamepasuka. Mahindi yamesimama, ndiyo, lakini kwa rangi ile ya kijivu, majani yamejisokota, na ukiyagusa yanalia kama karatasi. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye mfereji na kikombe cha plastiki na kidumu kidogo cha mafuta ya kula. Anachota kidogo, anangoja maji yajikusanye, anachota tena. Kutoka mlimani nilisikia pampu ya mjomba inanguruma.

Nikadhani ni maji ya kirikuu. Gari langu likipanda mlima linachemka, na mama anaijua tabia hiyo. Nikamwambia, "Acha, mama, maji nitapata njiani." Kengele ya kwanza ya kanisa ililia akiwa anachota, na ya pili ilipolia bado alikuwa anachota. Tukachelewa ibada. Mama yangu, ambaye hajawahi kuchelewa ibada hata kwa mvua ya mawe, aliingia wakati wa wimbo wa pili, kidumu kikiwa ndani ya kitenge.

Jioni tukafika kwa mjomba. Alifurahi kwa kweli, siwezi kumsingizia. Alimshika mama mikono miwili, "Kamwene, dada, kamwene," akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamfunika magoti kwa skafu yake. Mwalimu naye alikuwepo, ukuta wake hauna kazi nyingine. Mama akasema leo atapika yeye, na akapika, polepole, mimi nikiwa wa kumpa kijiko na kunyamazishwa. Akasali kabla ya kula, sala fupi. Tukala.

Mama hula kidogo. Alimaliza mapema akakaa na mikono mapajani, anasikiliza. Mjomba akaanza, tena siku hiyo alikuwa na msikilizaji mpya, basi akarudi kwenye hadithi yake kubwa, ya mto. Nchi ya juu, nchi ya chini, hoteli, viatu. Mkono ukapanda hewani na ugali wake. Nilitamani kupiga yowe. Nilimtazama mama nikitegemea aniangalie, tuelewane kwa macho, lakini yeye alikuwa anamtazama mdogo wake vile anavyowatazama watoto wa shule ya Jumapili wanaosoma aya kwa ghibu.

"Nikawaambia," mjomba alisema, "aliye juu ana wajibu..."

"Lete beseni," mama aliniambia. "Na sabuni."

Nikaleta. Nilikuwa nimebeba na jagi kutoka jikoni, mama akasema hilo nilirudishe. Akainama chini ya kiti, akafungua kitenge, akatoa kidumu. Akainuka, na kuinuka kwake siku hizi ni shughuli, akashika ukingo wa meza akazunguka mpaka alipokuwa mjomba. Mjomba alikuwa bado kwenye hoteli.

"Lete mkono."

"Dada, bado kidogo, naon..."

"Lete mkono."

Sijui kama aliamua. Naona mkono ulikwenda wenyewe, na wa pili ukafuata, kama ilivyokuwa ikienda miaka ile alipokuwa na kamasi na yeye dada mtu ndiye anayemwogesha. Mama akamwagia. Maji yalitoka ya kahawia, na mchanga ndani yake, na kipande cha jani. Mwalimu akavuta sahani yake pembeni. Mama akachukua sabuni akampaka viganja vyote viwili, katikati ya vidole, akausugua ule ugali mpaka ukatoka, akapanda mpaka kwenye vifundo, povu likawa jingi na la udongo. Mjomba amekaa wima, koti lake safi, mikono ameinyoosha mbele. Kisha mama akainamisha kidumu amsuuze. Ukatoka uzi. Yakatoka matone. Akakitikisa kidumu, akakiinamisha kabisa, na hakikutoka kitu.

"Yameisha," mama akasema.

"Dada, bomba lipo hapo jikoni."

"Hayo ni ya mfereji wangu. Nimeyachota leo, kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya pili. Ndiyo yote yaliyokuja."

"Kab..." mwalimu alisema, akaishia hapo.

Mjomba aliangalia mikono yake. Povu lilikuwa linamtiririkia kwenye beseni. Nilingoja aseme kitu kuhusu hali ya hewa duniani. Nilikuwa tayari kabisa, nilikuwa na majibu ya Jumapili zote zile kifuani, yanasukumana.

"Ulikuwa huoni?" mama akamuuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anataka kujua.

Mjomba aliinamia beseni. "Nilikuwa naona, dada. Kila nikienda shamba nasimama pale kwenye ukingo, naona. Miche ni midogo. Nikasema mwaka huu tu. Nikasema nikikwambia utanikubalia, na ukinikubalia itakuwa mbaya zaidi."

Nilitaka kumrukia. Mama akanyanyua kidole kimoja upande wangu, na nikakaa.

"Basi tulizungumze," mjomba akasema, na sauti ya kazi ikaanza kumrudia. "Nitakaa na watu wangu wa shamba, tuone utaratibu, pengine kwa awamu..."

"Usizungumze," mama akasema. "Zima. Kuzungumza utakuja kuzungumzia bondeni."

Alitafuta simu yake kwa macho. Ilikuwa mfukoni mwa koti na mikono yake ilikuwa imejaa sabuni. Akanitazama. Nikaitoa, akanitajia mtu wa pampu, nikapiga, nikamwekea sikioni nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake kama karani. Niliisikia pampu ndani ya simu, ile ngurumo ileile, na sauti ya mtu anayepiga kelele kuishinda.

"Zima," mjomba akasema. Yule wa upande wa pili akauliza kitu. "Hapana, sasa hivi. Zima, halafu fungua na lango la bwawa. Lote."

Tukangoja. Mwalimu alikuwa anasoma maandishi ya kwenye sabuni. Nilikuwa na simu sikioni mwa mjomba na sikio langu karibu na lake, na nikasikia pampu inakohoa, inapunguza mwendo, inanyamaza. Baada ya hapo zikasikika nyayo za mtu kwenye majani, akitembea muda mrefu, na chuma kinagongwa, na maji.

Mjomba alikuwa bado ameinyoosha mikono yake juu ya beseni. Povu lilikuwa limeanza kukauka. Mama akarudi taratibu kwenye kiti chake, akavuta skafu magotini, akanigeukia.

"Haya, mletee jagi," akasema. "Amemaliza kula."